Ukuta wa Jua na Paneli za Umeme

Yafuatayo ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa Serikali, kuhusu ujenzi wa majengo ya shule katika sehemu za baridi.



Mada niliyopewa ni matumizi ya nguvu za jua katika kupasha joto majengo. Wako watakaouliza mada hii inatuhusu nini sisi, maana nchi yetu jua tunalo hadi la kutuchosha. Swali hilo ni la mtu aliyezoea pwani. Mwalimu aliyepangiwa kazi Makete au Njombe hawezi kuliuliza. Katika Uwanda wa Kitulo, ulio mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, umande huganda juu ya majani katika miezi ya kipupwe. Katika wilaya za jirani mtoto wa bweni hulala na sweta na soksi, na asubuhi vidole vyake hukataa kushika kalamu. Na pale baridi inapozidi, watu huingiza jiko la mkaa ndani, wakafunga madirisha na milango, wakalala. Mkaa huo hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, na wapo waliolala namna hiyo wasiamke. Kwa hiyo jambo tunalolizungumza leo si la anasa hata kidogo.

Napenda niseme tangu mwanzo ninalotaka kulithibitisha. Joto na umeme ni vitu viwili tofauti, ingawa vyote twaweza kuvipata kwa jua. Anayetaka kuvipata vyote kwa gharama ndogo hana budi kuupa ukuta kazi ya joto, na paneli kazi ya umeme, kisha aone ni wapi kimoja chaweza kumsaidia mwenzake. Siku hizi tunaelekea kufanya kinyume. Tunanunua paneli kwanza, halafu tunazidai zitufanyie kila kitu.

Ukuta ninaousema si jambo jipya. Mwaka 1881 Mmarekani mmoja aitwaye Edward Morse, wa mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts, alipewa hataza ya ukuta mweusi uliofunikwa kioo kwa ajili ya kupasha nyumba joto. Wazo lake lilikaa miaka mingi bila kushughulikiwa. Wafaransa wawili ndio waliolifufua: Félix Trombe, mtaalamu wa nguvu za jua, na Jacques Michel, msanifu wa majengo. Mwaka 1967 walijenga nyumba huko Odeillo, katika milima ya Pyrenees, kusini mwa Ufaransa. Odeillo hiyo ndiyo yenye tanuri kubwa la jua, ambalo kwa vioo vyake hufikia joto la zaidi ya nyuzi 3,000. Watalii huenda kulitazama tanuri. Mimi kwa maoni yangu naona zile nyumba ndogo zilizo karibu yake zina faida kubwa zaidi kwa mtu wa kawaida, kwa sababu hazina kitu chochote ambacho fundi mwashi hawezi kukielewa.

Ukuta wenyewe hufanya kazi hivi. Upande wa nyumba unaoelekea jua la miezi ya baridi hujengwa kwa tofali nzito, mawe au zege, unene wa kati ya sentimita 20 na 40, na uso wake wa nje hupakwa rangi nyeusi. Mbele yake, kwa kuacha mwanya wa sentimita chache, husimamishwa kioo. Mwanga wa jua hupita kwenye kioo bila taabu na kuupiga ukuta, nao hugeuka kuwa joto. Lakini joto hilo likitaka kurudi nje, kioo hulizuia. Ukuta basi hushiba joto mchana kutwa, nalo husafiri polepole ndani ya tofali kuelekea chumbani. Katika ukuta wa sentimita 40 safari hiyo huchukua saa 8 hadi 10. Joto lililoingia saa 7 mchana hutokeza upande wa pili saa 4 usiku, wakati ule hasa mtoto anapolihitaji. Ukitaka joto lianze kuingia mapema, hutoboa matundu chini na juu ya ukuta: hewa baridi ya chumbani huingia kwa chini, hupata joto katikati ya kioo na ukuta, hupanda, na kurudi chumbani kwa juu. Usiku matundu hayo sharti yafungwe, ama sivyo mzunguko hugeuka na ukuta huanza kunyonya joto la chumba na kulitupa nje.

Ndugu walimu, mfano ambao ningependa tuutazame kwa makini si wa Ufaransa bali wa Ladakh, kaskazini kabisa mwa India. Ladakh ni nchi ya milima, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari, kavu, yenye miti michache mno. Katika majira ya baridi kipimajoto hushuka hadi nyuzi 15 na hata 20 chini ya sifuri. Kuni ni haba, na kwa muda mrefu wananchi wamekuwa wakikausha samadi ya wanyama wapate kuota moto. Lakini anga la Ladakh majira hayo huwa jeupe na jua huwaka karibu kila siku.

Huko kijijini Shey ipo shule iitwayo Druk White Lotus, iliyofunguliwa mwaka 2001, ambayo ilichorwa na wasanifu na wahandisi wa Arup ya Uingereza. Wengine huifahamu kwa sababu ya sinema moja ya Kihindi ya mwaka 2009 iliyopigwa picha hapo. Sinema tuiache. Jambo la kujifunza ni jinsi majengo yake yalivyopangwa. Madarasa hayakuelekezwa kusini moja kwa moja. Yamegeuzwa kiasi cha nyuzi 30 kuelekea mashariki ili yalipokee jua la asubuhi, kwa maana mwanafunzi huhitaji joto la darasa asubuhi, na jioni darasa halina mtu. Mabweni ndiyo yaliyoelekezwa kusini barabara, nayo ndiyo yenye kuta za Trombe, kwa maana bweni halihitaji joto saa 3 asubuhi, linalihitaji usiku. Aliyechora ramani alijiuliza kwanza: katika chumba hiki mtu atakuwapo saa ngapi? Nawaachia ninyi mpime ni ramani ngapi za shule zetu zilizoanza na swali hilo. Tunajua wote kwamba ramani iliyofaa mahali pa joto hupelekwa vilevile mahali pa baridi, na tofauti pekee inayoonekana ni jina la shule kwenye kibao.

Shule hiyo ina paneli za umeme wa jua pia. Lakini angalieni kwamba haikutazamiwa paneli hizo zipashe mabweni joto. Kazi hiyo ilikwisha kukabidhiwa ukuta.

Ipo na shule nyingine huko huko Ladakh, katika kijiji cha Phey, ya chama kiitwacho SECMOL ambacho Sonam Wangchuk na wenzake walikianzisha mwaka 1988. Walioitwa hapo ni vijana walioshindwa mitihani, wale ambao shule za kawaida zilikwisha kuwakatia tamaa. Majengo yake ni ya udongo ulioshindiliwa, yanapata joto kwa jua, na taa zinawaka kwa umeme wa jua. Vijana wenyewe ndio wanaoyaendesha na kuyatunza. Udongo, ndugu zangu! Kitu kile kile ambacho kwetu mtu akijengea huonekana hana uwezo.

Sasa tuje kwenye paneli. Paneli za sola, kama wananchi wanavyoziita, zimeshuka bei kiasi ambacho hakuna aliyekitazamia miaka 30 iliyopita, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo paneli nzuri ya leo hugeuza kuwa umeme sehemu moja tu kati ya tano za mwanga unaoiangukia. Kiasi kidogo hurudishwa, na kilichobaki chote huwa joto. Joto hilo si upotevu tu, bali ni adui wa paneli yenyewe. Kila nyuzi moja inapozidi 25 huipunguzia nguvu kwa kiasi cha asilimia 0.4 hivi. Paneli iliyofika nyuzi 60, na kufika huko juani si ajabu, imekwisha kupoteza asilimia 14 ya nguvu zake.

Hapo ndipo wazo la kuviunganisha vitu hivi viwili lilipopata maana. Ukipitisha hewa nyuma ya paneli, hewa huchukua joto, paneli hupoa na kutoa umeme zaidi, na hewa yenye joto huingizwa ndani ya jengo. Mjini Montreal, nchini Kanada, Chuo Kikuu cha Concordia kilifanya hivyo mwaka 2009 katika jengo lake la masomo ya biashara. Sehemu ya ukuta wake, karibu mita za mraba 300, ina paneli zilizofungwa juu ya bati lenye matundu madogo madogo. Jua likiwa kali ukuta huo hutoa hadi kilowati 25 za umeme na kilowati 75 za joto. Tazameni uwiano huo: joto ni mara tatu ya umeme. Anayefunga paneli bila kufikiri juu ya joto lake anatupa sehemu iliyo kubwa zaidi.

Wapo pia waliofunga paneli kwenye kioo cha ukuta wa Trombe wenyewe. Wachina wa mji wa Hefei wamefanya uchunguzi mwingi wa jambo hilo. Lakini hapa pana bei ya kulipa. Mwanga ni mmoja. Paneli ikikaa mbele ya ukuta inautia kivuli, na kila kinachochukuliwa na umeme kinapungua katika joto la chumba. Haiwezekani kuuza ng'ombe na kuendelea kumkama.

Nawaomba mnivumilie kwa hesabu kidogo. Walimu wa fizikia watanisahihisha nikiteleza. Tuchukue bweni lenye ukuta wa mita za mraba 20, unene sentimita 40. Hizo ni mita 8 za ujazo za tofali, yaani tani 15 hivi. Kupandisha joto la tani 15 za tofali kwa nyuzi moja tu kunahitaji nguvu inayolingana na uniti tatu na nusu za umeme, uniti zile zile tunazonunua kwa ajili ya mita zetu. Ukuta huo ukipanda nyuzi nne kwa siku nzuri ya jua, umeweka akiba ya uniti 14. Tuseme sasa tunataka kuweka akiba hiyo hiyo kwa umeme, tuwashe hita usiku. Betri ya kawaida ya risasi, ya volti 12 na ampea-saa 100, ina uniti moja na kitu, na asiyetaka kuiua mapema hatumii zaidi ya nusu yake. Tutahitaji betri zaidi ya 20 kwa bweni moja, na baada ya miaka michache tutazibadilisha zote. Betri za kisasa za lithiamu hustahimili zaidi, lakini bei yake si ya mfuko wa shule ya kata. Tofali haibadilishwi.

Yuko atakayenijibu kwamba hita si chombo pekee. Ipo pampu ya joto, mashine iliyo ndugu na jokofu, ambayo kwa uniti moja ya umeme huweza kuingiza chumbani uniti tatu za joto kwa kulichota katika hewa ya nje. Jibu hilo ni la haki, na katika miji ya Ulaya linazidi kushinda. Mwenye pampu hiyo angehitaji betri 7 au 8 tu badala ya 20 na zaidi. Katika hospitali ya mkoa yenye fundi wa majokofu, mimi mwenyewe ningelitafakari. Lakini katika shule iliyo kilometa 60 kutoka barabara ya lami, ambako jenereta ikiharibika hungoja fundi muhula mzima, naushikilia ukuta.

Ndugu Mwenyekiti, hapa kwetu yapo mambo mawili ambayo anayenakili vitabu vya wageni ataharibu kazi asipoyajua.

La kwanza ni upande. Vitabu karibu vyote vimeandikwa kaskazini ya dunia, navyo husema ukuta uelekee kusini. Mtu akijenga hivyo Makete, atakuwa amejenga ukuta wa gharama unaokaa kivulini miezi yote ya baridi. Sisi tuko kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua letu liko upande wa kaskazini, na ukuta wetu hauna budi kutazama kaskazini. Aidha tumepewa bahati ambayo watu wa Ladakh hawana. Makete iko kama nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, na tangu katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari jua la adhuhuri huhamia upande wa kusini. Ukuta wa kaskazini hubaki kivulini wenyewe, bila pazia wala kofia ya zege, katika miezi ile ambayo joto halihitajiki. Pamoja na hayo tusijidanganye. Jua letu la Juni saa 6 mchana liko juu, kiasi cha nyuzi 57 kutoka upeo wa macho, kwa hiyo huupiga ukuta kwa mshazari na kuupa zaidi kidogo ya nusu ya nguvu zake. Jua la Ladakh la Desemba liko chini, na huupa ukuta zaidi ya robo tatu. Lakini baridi yao ni ya nyuzi 15 chini ya sifuri, na yetu huigusa sifuri kwa nadra. Mahitaji yetu ni madogo, na ukuta wetu unaweza kuyafikia.

Aidha, Juni hadi Agosti ni kiangazi katika Nyanda za Juu Kusini, na siku nyingi anga huwa safi, ukiondoa ukungu wa asubuhi kwenye kingo za milima kama kule Mufindi. Wenzetu wa Nairobi na Limuru hawana bahati hiyo, kwani mwezi wao wa baridi, Julai, ndio mwezi wa mawingu. Ukuta huu kwao ungekaa siku nzima ukingoja.

La pili ni mahali pa paneli. Kwa watu wa Montreal paneli iliyosimama ukutani ina mantiki. Kwetu haina, maana katika miezi ile ambayo jua limehamia kusini ingekaa bila jua la moja kwa moja, na taa za wanafunzi haziendi likizo Novemba. Mahali pa paneli hapa ni juu ya paa, kwenye mteremko mdogo unaotazama kaskazini, na pengo la kutosha chini yake ili hewa ipite. Kwa hiyo kuunganisha ninakokusema si kubandika kimoja juu ya kingine, bali kuvigawia kazi. Bweni lenye taa 6 za wati 8, zikiwaka saa 4 kwa usiku, halitumii hata robo ya uniti. Paneli moja ya wati 150 na betri moja zinatosha, na nguvu hubaki.

Nguvu hiyo iliyobaki ndiyo inayosaidia ukuta. Feni ndogo ya wati 10 au 15 ikiwekwa kwenye tundu la juu na kuunganishwa na paneli moja kwa moja, bila kupitia betri, itazunguka jua linapowaka na kusimama jua linapozama. Haihitaji mtu wa kuiwasha wala swichi ya kusahauliwa. Kwa kuzuia hewa isirudi usiku, kipande cha nailoni laini kilichoning'inizwa kwenye tundu, kinachofunguka upande mmoja tu, kinatosha.

Lakini hata ukuta huo na feni yake ni kazi bure ikiwa bweni ni bati tupu juu ya kenchi, bila dari, na mwanya wa mkono mzima kati ya ukuta na paa. Joto hupanda, na likipanda hapo linakwenda zake. Nimeona mabweni mengi ya namna hiyo katika safari zangu za kikazi. Dari na kuziba mianya ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya kioo na kabla ya paneli, ingawa haina uzinduzi wala utepe wa kukatwa. Tundu dogo la kubadilisha hewa libaki, maana watoto 40 wanapumua humo.

Ninachopendekeza ni kidogo. Shule yenye mabweni mawili yanayofanana, ukuta wake wa kaskazini usio na kivuli cha mti, ichaguliwe kwa majaribio. Yote mawili yawekwe dari. Moja tu lipewe ukuta mweusi, kioo, feni na paneli. Katika kila bweni kitundikwe kipimajoto cha kawaida, na wanafunzi wa kidato cha tatu waandike joto saa 12 jioni, saa 4 usiku na saa 11 alfajiri, tangu Mei hadi Agosti, pamoja na hali ya mawingu ya siku hiyo. Kioo kioshwe kila Jumamosi, maana vumbi la kiangazi ni jingi, na uwanja wa mpira uwe upande mwingine wa shule. Mwezi Septemba madaftari hayo yaletwe kwa mhandisi wa wilaya, akae nayo pamoja na mwalimu wa fizikia na mweka hazina, kabla ramani za mabweni ya mwaka unaofuata hazijapigwa mhuri.